Kambini kwa Waathirika: Kweli au Porojo?

Mkazi wa Nsemulwa, hapa Mpanda, hahitaji redio kumwambia kwamba mvua zimekolea. Kati ya Novemba na Aprili tofali mbichi hulowa kuanzia chini, ukuta ukavimba, ukalala, na familia ikajikuta na vyombo vyake ndani ya darasa la shule au ukumbi wa kanisa. Hapo ndipo hutokea yule mtu wa kujitolea: sista, katekista, mchungaji, kijana wa kwaya, pengine mmisionari aliyetoka mbali. Na hapo ndipo maneno huanza. Umeyasikia kijiweni, umeyasikia kisimani, na huenda mawili matatu umeyasema mwenyewe. Nimeyakusanya na kuyapima. Mengine yameanguka chali, lakini yapo ya bibi zetu yaliyosimama wima mbele ya madaktari wenye digrii zao.

"Kwetu Katavi hakuna maafa, hayo ni ya watu wa pwani na milimani."

Si kweli. Tumekaa kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, na bonde hilo halijalala. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 lilipiga eneo la Rukwa, mojawapo ya makubwa zaidi kupimwa Afrika katika karne nzima ya 20. Tarehe 5 Desemba 2005 jingine la 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika, likabomoa nyumba Kalemie, ng'ambo ya pili ya ziwa. Kagera nao waliishi bila wasiwasi mpaka tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Watu wa Katesh pia, mpaka Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang lilipowafuata majumbani na kuua zaidi ya watu 80. Tuendelee.

"Mmisionari ni Mzungu."

Si kweli, na mkoa huu ndio usingepaswa kabisa kuamini hilo. Nenda Karema, ufukweni mwa Tanganyika. Ngome ya pale ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawakabidhi Mapadre Weupe. Miaka minne baadaye akafika kijana mmoja Mwafrika, Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, akakombolewa na wamisionari huko Algeria na kupelekwa Malta kusomea udaktari. Mtu aliyepitia hayo angeweza kutafuta maisha ya starehe popote. Yeye alikuja Karema mwaka 1889, akaoa hapa hapa, akawa katekista na daktari, akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni zaidi ya miaka 60 ya kufunga vidonda vya watu wasioweza kumlipa. Mwanawe Joseph akawa padre.

Karema hiyo hiyo ndiyo iliyozaa shirika la masista wa Kiafrika, Masista wa Maria Malkia wa Afrika, mwaka 1907. Kwa hiyo ukimwona binti wa Kibende au wa Kifipa amevaa shela na anakoroga uji kwenye sufuria la kambi, usiulize mmisionari yuko wapi.

"Wanagawa unga ili wabatize."

Zamani palikuwa na ukweli ndani yake. Leo kanuni za misaada zinakataza. Hili nataka tukae nalo kidogo, kwa sababu upande mmoja hulikanusha kwa hasira na upande wa pili hulirudia kwa hasira, na hakuna anayefungua daftari.

Shirika la Mapadre Weupe lenyewe lilizaliwa katikati ya maafa. Mwaka 1867 Charles Lavigerie aliteuliwa Askofu Mkuu wa Algiers, akakuta nchi imepigwa na nzige, ukame, kipindupindu, kisha njaa. Akakusanya yatima zaidi ya 1,000. Mwaka 1868 akaanzisha shirika lake. Watoto wale wengi walikuwa wa familia za Kiislamu, na kitu cha kwanza kilichozuka ni ugomvi: Gavana Mkuu wa Kifaransa, MacMahon, alimtuhumu askofu kwamba anatumia njaa kubadili watu dini na kuwasha moto nchini. Gavana hakuwa na huruma zaidi kuliko askofu, alichohofia ni maasi. Hata hivyo swali lake lilikuwa halali. Karema nako, watumwa waliokombolewa na watu waliokimbia uvamizi walijenga kuizunguka misheni na kuishi chini ya kengele yake. Hakuna aliyewashikia upanga. Lakini mtu anayelala chini ya paa lako na kula chungu chako, kuikataa dini yako si jambo jepesi kwake.

Ndiyo sababu kanuni zilibadilika, na waliozibadilisha ni pamoja na wenye makanisa wenyewe. Mwaka 1994 uliandikwa mwongozo wa maadili wa mashirika ya misaada, na kati ya waliouandaa walikuwemo Caritas, Shirikisho la Walutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, pamoja na Msalaba Mwekundu. Unasema waziwazi: msaada hutolewa kwa kuangalia shida ya mtu, bila kuuliza dini wala kabila, na hautumiwi kusukuma msimamo wa kisiasa wala wa kidini. Mmisionari anaruhusiwa kusali. Akiombwa kumwombea mgonjwa, amwombee. Lakini akianza kugawa mablanketi kwa kufuata daftari la waumini, amevunja kanuni ambayo kanisa lake huenda lilishiriki kuiandika, na una haki ya kwenda kumshtaki kwa mtendaji wa kata.

"Wakizoea kupewa, hawalimi tena."

Si kweli, na ushahidi uko mlangoni kwetu, Katumba.

Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwavusha maelfu ya watu mpaka kuingia Tanzania, wengi wao Wahutu. Makazi ya Katumba yakafunguliwa mwaka 1973, na Mishamo yakafuata mwaka 1978, yote katika iliyokuwa Wilaya ya Mpanda. Kazi iligawanywa mikono mitatu: serikali ikatoa ardhi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likatoa fedha, na shirika la Kilutheri la TCRS, lililoanza nchini mwaka 1964, likasimamia utekelezaji. Familia ilipewa wastani wa hekta tano za msitu, jembe, mbegu, na chakula cha kusukumia siku mpaka mavuno. Hakuna aliyewakabidhi shamba lililo tayari. Walikabidhiwa miti na mbung'o.

Walilima. Mahindi, maharage, mihogo, tumbaku. Mazao yao yakaingia sokoni, na kufikia mwaka 1985 Shirika la Wakimbizi lilijiondoa kwa sababu watu walikuwa wanajitegemea. Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa siasa hiyo ya ukarimu. Na kuanzia Oktoba 2014 zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu walianza kupokea vyeti vya uraia. Leo ni Watanzania wenzako, na huenda maharage uliyokula jana yalitoka kwao.

Wanaoshikilia imani hii hunyoosha kidole upande wa Kigoma: mbona Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, bado inagawa chakula? Jibu ni fupi. Wa Nyarugusu hawakupewa hekta tano, na hawaruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Mzuie mtu kulima, kisha umwite mvivu! Uvivu huo umeandikwa kwenye kanuni, haumo kwenye damu ya mtu.

"Kinachohitajika ni moyo tu wa kujitolea."

Si kweli. Moyo unahitajika, lakini peke yake unaweza kuua.

Julai 1994 Wanyarwanda wengi mno walimiminika Goma, upande wa Kongo, kwa siku chache. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano, vyoo havichimbiki, maji safi hayakuwepo. Kipindupindu na kuhara damu vikaua karibu watu 50,000 ndani ya mwezi mmoja. Wahudumu walikuwepo, tena wenye huruma tele. Watafiti waliochunguza baadaye walikuta tatizo jingine: wengi hawakuwahi kumtibu mgonjwa wa kipindupindu. Waliwapa maji polepole mno, wakategemea dripu ambazo baadhi hazikuwa za aina inayofaa, na wakaacha maji ya kunywa ya chumvi na sukari yakae pembeni. Waliokuja kuwaonyesha njia hawakutoka Ulaya. Ni timu ya Wabangladeshi, watu waliokua na ugonjwa huo mlangoni.

Tangu mwaka 1997 mashirika yamekuwa yakiandaa viwango vinavyoitwa Sphere, na mtu wa kujitolea anayevijua anafaa kuliko watano wenye machozi. Vinavyokaa kichwani ni vichache: lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, mita za mraba 3.5 za kulala chini ya paa kwa kila mtu, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20. Ukiingia kwenye darasa lenye urefu wa mita saba na upana wa mita sita ukakuta watu 40 wamelala, piga hesabu: nafasi inatosha 12. Kazi ya kwanza ya mmisionari hapo ni kumtafuta mwenyekiti wa mtaa na funguo za darasa la pili. Mahubiri yatasubiri.

"Anayeharisha asinywe maji, atazidisha."

Si kweli, na kati ya imani zote hapa huenda hii ndiyo inayozika watoto wengi zaidi. Anayeharisha hafi kwa kuhara, anakufa kwa kukauka.

Dawa yake ilithibitishwa kambini, na waliowanywesha wagonjwa hawakuwa madaktari. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa kwenye kambi ya Bangaon, mpakani upande wa India. Dripu zikamwishia, wagonjwa wamelala sakafuni. Akachanganya chumvi, soda ya kuokea na sukari ya glukosi, akajaza maji kwenye mapipa yenye koki, akawaambia ndugu wa wagonjwa wachote kwa vikombe na wawanyweshe. Vifo vilikuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100. Vikashuka hadi chini ya 4. Mwaka 1978 jarida la Lancet likaandika kwamba ugunduzi ulio nyuma ya dawa hiyo, kwamba glukosi husaidia utumbo kufyonza chumvi na maji, huenda ndio mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne ile.

Paketi za ORS zipo zahanati. Zikikosekana: lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi, nacho kimesawazishwa. Pitisha kisu juu ya kijiko, usipime kwa macho, maana chumvi ikizidi ni hatari. Onja: yasizidi uchumvi wa machozi. Mtoto akitapika, ngoja dakika kumi, rudia kwa kijiko kidogo kidogo.

Na bibi aliyekuwa akimpa mjukuu uji mwepesi wenye chumvi kidogo? Alikuwa sahihi. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba maji ya chumvi yaliyochanganywa na unga wa mchele hupunguza kuhara kwa mgonjwa wa kipindupindu.

"Chuja maji kwa kanga kuukuu."

Kweli, ila usiishie hapo. Vijidudu vya kipindupindu hupenda kujishikiza kwenye viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa vijiji vya Matlab, Bangladesh, ambako akina mama walichuja maji kwa kitambaa kuukuu cha sari kilichokunjwa mara kadhaa. Kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Kitambaa kuukuu ni bora kuliko kipya, kwa sababu nyuzi zake zimelegea na matundu yamebana. Unga wa mbegu za mlonge nao husafisha kweli: huvuta tope likazama chini, na vijidudu vingi huzama pamoja nalo. Lakini asilimia 48 maana yake nusu ya wagonjwa bado wapo. Ukishachuja, chemsha au tia kidonge cha kutibu maji, kisha hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Na kibuyu chirizi kining'inizwe karibu na choo, sabuni ikining'inia kwenye kamba, isiwe kabatini kwa mwalimu mkuu.

"Mshtuko hukausha maziwa ya mama."

Si kweli. Hofu inaweza kuchelewesha maziwa kutoka kwa muda, haikaushi. Mtoto akiendelea kunyonya, maziwa yanarudi. Anachohitaji mama ni sehemu ya faragha, maji ya kunywa, chakula, na mwanamke mwenzake wa kumwambia atulie. Anayefika na kopo la maziwa ya unga kwa nia njema anaweza kuleta balaa, kwa sababu kopo linahitaji maji safi, na maji safi ndiyo yaliyokosekana. Baada ya tetemeko la Yogyakarta, Indonesia, mwaka 2006, maziwa ya kopo yaligawiwa ovyo. Walipopima, kati ya watoto wadogo waliopewa maziwa hayo takriban asilimia 25 walikuwa wakiharisha, na kati ya wasiopewa takriban asilimia 12. Kopo liwe la mtoto asiye na mama wala mnyonyeshaji, na liende chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya.

"Maiti zisipozikwa siku hiyohiyo zitaleta mlipuko."

Si kweli, isipokuwa kama marehemu aliugua kipindupindu, Ebola au ugonjwa mwingine wa kuambukiza wa aina hiyo. Aliyefukiwa na ukuta au kuchukuliwa na maji alikufa kwa jeraha, na maiti yake haizalishi ugonjwa ambao hakuwa nao. Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu wamelisema hili miaka nenda miaka rudi. Madhara ya imani hii ni kaburi la pamoja linalochimbwa kwa pupa kabla ndugu hawajatambua mtu wao, kisha mjane asiye na cheti cha kifo wala kaburi la kuzuru. Wazikwe kwa heshima, kwa majina, kwa ibada yao.

"Aliyefikwa asimulie yote, atapata nafuu."

Si kweli, angalau si kwa kulazimishwa. Hii ni imani ya kisasa, imekuja na semina. Kwa miaka mingi wataalamu waliwaketisha waathirika na kuwataka waeleze walichokiona, mwanzo mpaka mwisho, kwa kikao kimoja. Tafiti zilipolinganishwa, kikao hicho hakikuzuia maradhi ya akili baadaye, na baadhi ya watu kiliwaongezea mzigo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake wakatoa mwongozo mpya: tazama mtu anahitaji nini, msikilize akitaka kusema, muunganishe na ndugu zake na huduma. Asiyetaka kusema asichokonolewe.

Sasa niambie, mwongozo huo una tofauti gani na msiba wetu? Unaingia, unatoa pole, unakaa mkekani. Huulizi alikufaje. Wengine wanateka maji, wengine wanapika, mtu mmoja anahakikisha mfiwa ameweka kitu tumboni. Wataalamu walizunguka dunia nzima wakarudi kwenye jamvi la bibi. Mmisionari mgeni akiuliza afanye nini siku ya kwanza, mwonyeshe mkeka.

"Nguo na dawa zozote ni msaada."

Si kweli kwa nguo, na kwa dawa ni hatari. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, jimbo la Aceh, Indonesia, lilipokea takriban tani 4,000 za dawa, nyingi zisizohitajika au zenye maandishi ambayo wahudumu hawakuweza kuyasoma. Bosnia, kati ya 1992 na 1996, ilibaki na tani zipatazo 17,000 za dawa zisizofaa, ikawa kazi kuziteketeza. Mitumba hula watu: anahitajika wa kupakua, wa kuchambua, wa kulinda, na hao wote wangeweza kuwa wanachimba choo. Na hata msaada unaofaa huweza kuwapita watu, kwa sababu waathirika wengi hawako kambini kabisa. Wako kwa shangazi, kwa jirani, kwa mshirika wa jumuiya, watu 11 kwenye vyumba viwili, na lori la msaada haliwaoni. Mwenyeji wao naye anaishiwa unga.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mvua zikinyesha tena na moyo ukakusukuma, kabla hujafunga furushi mpigie simu mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kata. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi za chini, na hao ndio wenye orodha. Muulize vitu viwili: kambini kumepungua nini leo, na nani amepokea wageni nyumbani kwake. Akikwambia ndoo zenye mfuniko, peleka ndoo. Akikwambia pesa, tuma pesa. Akikwambia wanatafuta mtu wa kuchimba choo, chukua sululu uende.